Mji wa Mchanga Alioutembeza Baba

Tulipoanua matanga ya Baba, ndugu zake waligawana makoti, redio na baiskeli, na mimi mtoto wake wa pekee nikakabidhiwa mkoba wake wa makaratasi. Sikulalamika. Baba alikuwa mwalimu wa kilimo, bingwa wa udongo, na bingwa wa udongo hana mengi ya kugombewa. Niliufungua mkoba nikiwa nimekaa sakafuni, nikatoa vyeti, michoro ya mashamba, picha za mizizi, na chini kabisa nikakuta kijitabu chenye jalada la kitambaa cha buluu, kidogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Nilipokifungua, harufu ya wino wa mihuri ikanipanda puani. Ni harufu ya mpira na dawa kwa pamoja, na ajabu ni kwamba miaka yote ile ilikuwa haijaisha. Nililia hapo kuliko nilivyolia makaburini, mpaka shangazi yangu aliyepita mlangoni akadhani nimekuta barua ya mwanamke.

Mara ya kwanza kukiona kijitabu kile nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tunaishi Xiaobei, Guangzhou. Wenzangu ambao wazazi wao walipita kule wataelewa bila kuelezwa. Wengine niwaambie tu kwamba ni mtaa wa Uchina ambako unaweza kutoka asubuhi ukasikia Kiswahili cha Mwanza, Kifaransa cha Kongo na Kiarabu kabla hujafika dukani kununua mkate. Mama alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Singida. Siku za soko alishinda Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo makubwa ya jumla karibu na stesheni ya treni, akinunua mzigo wake na wa wateja waliomwagiza kutoka nyumbani. Tulikaa ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikipenda. Chumba kimoja tulilala sisi, cha pili yalilala marobota. Nguo mpya zilinuka rangi na plastiki, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani. Asubuhi niliamshwa na mlio wa selotepu ikivutwa.

Baba hakuwa nasi. Alikuwa Japani kwa ufadhili, akisomea kilimo cha ardhi kame katika mji mdogo unaoitwa Tottori. Mama alipoulizwa mumewe yuko wapi alikuwa na jibu lake moja: "Ametoka Singida kwenye vumbi, akapanda ndege kwenda kusomea vumbi." Wanawake wenzake walicheka, naye akacheka nao. Lakini tukiwa wawili tu, mimi na yeye, utani ule hakuwahi kuutoa.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watoto wa Xiaobei, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Sisi tulijua mihuri kabla ya kujua kuzidisha. Maongezi ya watu wazima yalikuwa viza, kibali, ukurasa, tarehe ya mwisho. Mama alivaa pasipoti yake kifuani, ndani ya kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, na kila alipogongewa muhuri mpya tulikula pilau. Jirani yetu wa ghorofa ya saba, Anko Joel, alikuwa akininunulia maandazi ya mvuke kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja sikumwona. Nilipouliza, nikaambiwa tu, "Muhuri wake uliisha." Hakuna aliyeongeza neno. Kwa hiyo nilijua kwamba mtu hukaa mahali kwa sababu ya muhuri, na muhuri ukiisha mtu hutoweka, hata kama kuna mtoto anamsubiri kwenye ngazi.

Baba alikuja kututembelea wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Huo ndio wakati pekee Guangzhou inapotulia. Soko linafungwa, wenye maduka wanarudi kwao vijijini, na wafanyabiashara wa Kiafrika wanabaki wakitazamana. Kwenye milango ya majengo walikuwa wameweka miti midogo ya machungwa ndani ya vyungu, imefungwa vikaratasi vyekundu. Kulikuwa na ule ubaridi wa unyevu unaofanya kuta zitoke jasho, na kila asubuhi Mama aliyafuta marobota kwa kitambaa kikavu huku akiyasemesha kama watoto wenye mafua. Kwa siku kumi tulikuwa watatu ndani ya nyumba moja. Ninyi mliolelewa na baba na mama kila siku hamtaelewa furaha niliyokuwa nayo. Niliamka mapema ili tu nione jozi tatu za viatu mlangoni. Nilitaka jambo moja tu duniani, Baba asiondoke tena.

Kumbe naye alitaka hilohilo. Alikuwa ameongezewa miaka mitatu ya utafiti, na safari hii aliruhusiwa kuishi na familia. Alikuja na fomu. Mama alitakiwa kuweka saini sehemu mbili, Baba airudishe kwa profesa wake, mambo mengine yafuate. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, aliiweka fomu juu ya meza, na pembeni yake akaweka kijitabu cha buluu.

"Mama Neema," akasema, "mimi maneno yangu unayajua, ni machache. Ngoja nikuonyeshe mji wenyewe."

Kila ukurasa ulikuwa na muhuri mmoja mkubwa, mwekundu, wa zambarau au wa kijani, na ndani yake picha na maandishi ya Kijapani. Baba alifungua wa kwanza akauelekeza kwa Mama, kama wanavyofanya wauzaji wa Guangyuan Xilu wanapokuonyesha kitabu cha sampuli.

"Hii ni milima ya mchanga. Iko ukingoni mwa mji, kandokando ya bahari. Unapanda tuta refu, miguu inazama, unahema, ukifika juu unaiona bahari yote iko chini yako. Watu wanatoka miji mikubwa kuja kuiona. Na hawa ni ngamia. Watalii wanawapanda, wanapigwa picha."

Mama aliutazama muhuri wa ngamia kwa muda.

"Yaani watu wanapanda treni kwenda kuangalia mchanga?"

"Wanaazimwa hata mabuti ya mpira, mchanga usiwaingie miguuni."

"Na ngamia?"

"Na ngamia."

"Basi Baba Neema, turudi Singida tukafungue utalii. Mchanga upo, vumbi lipo, na punda tutawapachika nundu."

Baba alicheka mpaka akafuta macho, akafungua ukurasa mwingine. Mtu yule ambaye kwenye simu alikuwa anaishiwa maneno baada ya "mmekula?" aliongea siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia. Alituonyesha jumba jeupe la zamani chini ya kilima, na nyuma yake magofu ya ngome, kuta za mawe tu zilizobaki, ambako yeye alipenda kukaa Jumapili baada ya kuimba nyimbo zake peke yake chumbani, maana kanisa la lugha anayoielewa halikuwepo. Alituonyesha treni ya dizeli yenye behewa moja au mawili, inayopita katikati ya mashamba ya mpunga na kusimama kwenye vituo visivyo na mtu. Alituonyesha nyumba ya sanamu za mchanga. Mafundi wanachonga majumba na wafalme na simba kwa mchanga na maji tu, watu wanakuja kutazama, halafu msimu ukiisha sanamu zote zinabomolewa na mchanga uleule unachongwa kitu kingine.

"Hasara tupu," akasema Mama.

"Si hasara. Hakuna kinachotupwa."

"Na hapa pana moshi, wanapika nini?"

"Hayo ni maji ya moto kutoka ardhini. Yapo mjini kabisa, karibu na stesheni. Watu wanaoga pamoja. Wanawake peke yao, wanaume peke yao."

"Na nguo?"

"Hawavai."

Mama akaweka kikombe chini. "Uchi? Mbele ya watu nisiowajua? Mama yako akisikia je?"

"Mama yangu hasomi Kijapani."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa sababu walicheka. Siku zilizofuata ikawa ndiyo starehe yetu ya mchana. Baba alitembeza mji wake ukurasa kwa ukurasa, Mama akaukagua kama anayetafuta mshono uliofumuka. Baba akasema habari za kaa wa majira ya baridi, wenye nyama tamu, watu wanawasafiria kutoka mbali. Mama akauliza kama kuku wameisha huko hata mtu wa Singida alishwe mdudu mwenye miguu kumi. Baba akakiri kwamba mvua ni nyingi, theluji pia, na kwamba wenyeji husema ni afadhali usahau chakula chako cha mchana kuliko mwamvuli. Lakini palepale akaongeza kuwa kiangazi wanacheza ngoma barabarani, maelfu ya watu na miamvuli ya karatasi yenye vikengele, na kwamba hata mifuniko ya mitaro imechorwa miamvuli ile. Alituonyesha hekalu dogo la sungura karibu na ufuko, ambako watu huenda kuombea ndoa zao. Hapo Mama hakutania. Aliniambia nikalete chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Baba siku nyingine. "Mji mzuri hauzunguki na mtu kwenye mkoba."

"Njoo uuone, basi."

"Siuziwi mbuzi kwenye gunia mimi."

Palikuwa na ukurasa mmoja tu uliomfanya Mama asogeze kiti. Ulikuwa na peasi. Baba alieleza kwamba wilaya ile ni maarufu kwa peasi za kijani zenye maji mengi, na kwamba tunda likiwa bado dogo mtini wakulima hulivalisha mfuko wa karatasi, ili lisichubuke wala kuliwa na wadudu.

"Kila tunda?" Mama akauliza.

"Kila tunda. Kwa mkono."

"Nani anavalisha?"

"Akina mama, wengi ni wazee. Vijana wao wamehamia mijini."

"Wanatafuta watu?"

"Kila mwaka wanatafuta."

Mama aliupitisha ukingo wa ukurasa katikati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama anavyopima kitambaa. Mimi nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia sokoni na sikuelewa kitu. Kesho yake fomu haikuwepo mezani. Baba alipaona mahali ilipokuwa, akapapangusa kwa kiganja, hakuuliza.

Mama alikuwa mnunuzi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, na alikuwa na utaratibu wake. Akitajiwa bei ya kwanza, anacheka. Ya pili, anaweka nguo chini. Ya tatu anasema "Buyao," yaani sitaki, anageuka na kuondoka kwa hatua fupifupi, bila kugeuza shingo. Na mara zote, kabla hatujapita duka la nne, sauti ilitufuata nyuma: "Lai, lai! Laoban!" Njoo, njoo, bosi. Hapo Mama alinifinya mkono kwa furaha. Alikuwa akiniambia kwamba asiyekuita hakuhitaji, na mtu asiyekuhitaji usimpe chako.

Siku ya nane Baba aliuliza tena. Tulikuwa tumemaliza kula, na nje watoto wa Kichina walikuwa wakirusha vifataki vidogo uani.

"Mama Neema, umefikiria?"

"Nimefikiria. Sitaki. Hapa nina wateja, nina jina. Huko nitakaa dirishani nakungoja jioni kama pazia?"

Akainuka, akaenda chumba cha marobota. Alikwenda taratibu sana. Baba alibaki ametazama mlango ule, mikono juu ya magoti. Yeye alikuwa mtu wa kupima udongo na kuandika kile kipimo kinachosema. Aliambiwa sitaki, akaandika sitaki. "Siwezi kumlazimisha mtu," aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye niliyemshauri amlazimishe.

Sasa nisikilizeni jinsi kichwa cha mtoto kinavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kupata sababu ya yote. Kijitabu cha buluu kilikuwa na mihuri mingi mizuri, na yote ilikuwa ya Baba. Muhuri wa mchangani, muhuri wa ngome, muhuri wa treni. Mimi na Mama hatukuwa na hata mmoja, kwa hiyo Mama angekubalije kwenda? Hilo la kwanza. La pili, pasipoti niliijua, ilikuwa ya kutokea Uchina. Kile cha buluu kilikuwa cha kuingilia Tottori. Bila kile, Baba asingeweza kurudi, na asiporudi angebaki nasi. Kesho yake asubuhi, Baba akiwa bafuni, nilikichukua kijitabu nikakichomeka ndani ya robota la soksi za watoto, nikaliziba kwa selotepu kama nilivyomwona Mama akifanya. Sikuona aibu yoyote. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Siku ya kuondoka nilingoja akitafute. Mama alimpigia pasi shati, akamkaangia mayai. Baba akasali, akafunga begi, akaweka pasipoti mfukoni, na hakutafuta kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alidhani kijitabu kimo ndani ya begi. Akanikumbatia. Mama alikuwa jikoni, ametupa mgongo, anaosha kikombe kimoja ambacho kilikuwa kimetakata tangu zamani.

"Haya, Mama Neema," Baba akasema mlangoni.

"Haya. Safari njema."

Akasimama kidogo. Kisha nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, ghorofa ya tano, ya nne. Na hapo ndipo hofu ikanishika. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kuondoka bila muhuri. Nilimwona Baba amesimama mpakani anapekua mifuko, askari wanamwambia muhuri wako uko wapi. Nikamkumbuka Anko Joel. Nilitaka Baba abaki, ndiyo, lakini kama habaki basi asitoweke. Nikalipasua robota kwa meno na kucha, nikakitoa kijitabu, nikashuka ngazi mbilimbili.

Teksi ilikuwa imefungua mlango, na Baba alikuwa ameinama anaingia.

"Baba! Baba!"

Aligeuka haraka mpaka akagonga kichwa kwenye paa la teksi. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa namna ambayo sikuiona tena.

"Neema! Mama amekutuma?"

Nilisimama nikihema, kijitabu nimekificha mgongoni. Nilisikia swali la polisi. Nilisikia anauliza nani amemtuma mwizi. Na kwa kuwa nililelewa vizuri, sikukubali Mama abebeshwe dhambi yangu.

"Hapana, Baba," nikasema. "Mama hajui lolote. Ni mimi peke yangu." Nikamkabidhi. "Chukua, wasije wakakukamata."

Uso ukazima. Alikitazama kijitabu kana kwamba si chake, kisha akainua macho kwenye madirisha ya jengo letu, akapanda nayo mpaka ghorofa ya sita. Mimi pia nilitazama, nikiogopa Mama asituone. Dereva akapiga honi.

"Asante, mwanangu," Baba akasema. "Umsaidie Mama." Akaingia, akafunga mlango.

Nilipopanda nilimkuta Mama mlangoni, amesimama nusu ndani nusu nje, mikono inachuruzika maji.

"Ulikimbilia nini?"

"Kuna kitu alisahau. Nimempelekea."

"Amesema nini?"

Ningesema alichouliza, ningelazimika kueleza kilichokuwa mkononi mwangu na kilitoka wapi. "Hajasema kitu," nikajibu.

"Hajauliza kitu?"

"Hajauliza."

Mama akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, kama anavyofanya akisikia bei ambayo haitashuka. Akaenda chumba cha pili. Nikasikia selotepu ikivutwa kwa muda mrefu. Alikuwa analifunga lile robota nililolipasua, na hakuniuliza nani amelipasua.

Baba alipiga simu siku ya pili kusema amefika salama. Nikamwuliza kama walimkubalia mihuri. Ilibidi nieleze, akaelewa, akacheka cheko refu. Akaniambia mihuri ile si ya serikali. Imewekwa tu juu ya meza kwenye stesheni na mahali pa kutembelea, imefungwa kamba isiibwe, na kila apitaye anajigongea mwenyewe, awe na kumbukumbu. Yeye alikuwa ameigonga kwa ajili yangu na Mama, tupate kuuona mji. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na kwa miaka mingi nilifikiri kosa langu la siku ile lilikuwa hilo tu.

Hawakugombana. Simu za kila wiki zikawa za kila mwezi, kisha za sikukuu. Baba alimaliza miaka yake mitatu, akaongezewa mingine, akarudi kufundisha chuo Morogoro. Mama alifunga biashara ya Uchina nilipoingia sekondari, tukarudi Singida, akafungua duka. Hakuna aliyeoa wala kuolewa tena, na hakuna aliyewahi kutaja talaka. Likizo nilikwenda kwa Baba nikiwa na salamu za Mama, nikarudi na salamu za Baba, na salamu zenyewe zilikuwa "msalimie" basi. Kwenye msiba wazee walibishana kidogo juu ya mahali Mama atakapokaa. Yeye aliwapita wakibishana, akaenda kuketi pale wanapokaa wajane.

Baada ya matanga nilimrudisha Singida, nikakaa naye wiki nzima. Asubuhi moja tulikuwa uani tunachambua mlenda, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwuliza kwa nini alimkatalia Baba kwenda Tottori.

Mama akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nani alikataa?"

"Mama, nilikuwepo. Ulisema hutaki."

"Nilisema, ndiyo. Na kule sokoni nilisema mara ngapi?" Akatupa jani bovu pembeni. "Ile fomu niliitia saini siku aliyotueleza habari za peasi. Sehemu zote mbili. Nikaificha ndani ya kopo la biskuti. Nilikuwa nangoja aniite mara moja tu tena. Niliingia kwenye yale marobota nikasimama, nikasema sasa ataniita. Akanyamaza. Nikasema siku ya kuondoka ataniita. Akashuka ngazi. Nilipokusikia unamkimbilia nikasema, haya, sasa mtoto ataniletea neno." Akachukua jani jingine. "Ukarudi ukaniambia hakuuliza kitu. Basi. Mtu asiyekuita hakuhitaji."

"Si ungempigia simu?"

"Nimwambie nini? Mwenye duka amekwisha kufunga na kwenda zake, mimi ndiye nikamgongee mlango?"

Nilibaki nimeshika mlenda mkononi. Miaka yote nilibeba nusu ya habari ile bila kujua ni nusu. Sasa nilimwona Baba akigonga kichwa kwenye teksi, nikalisikia swali lake kwa masikio ya mtu mzima. Wao wawili walikuwa na njia moja tu ya kupitishia neno siku ile, na njia hiyo ilikuwa mimi. Kila mmoja aliniuliza swali lake, nami nikawajibu wote wawili kama mwizi anavyojibu, kwa kifupi.

Nikawaza ninyamaze. Baba yuko kaburini, Mama ana miguu inayovimba, neno lile lingemsaidia nini? Ningemwacha amalizie siku zake akijua alichokijua. Lakini halikuwa langu. Lilitumwa kwake, na nilikuwa nimekaa nalo muda wa kutosha.

"Mama," nikasema. "Aliuliza."

Mikono yake ikasimama.

"Nilipomwita aligeuka, akaniuliza, 'Mama amekutuma?' Ndivyo alivyosema. Nami nikamjibu hapana."

Kuku wakaanza kudonoa mlenda tuliokwisha kuuchambua, na hakuwafukuza.

"Aliuliza akiwa amenuna?"

"Hapana. Alifurahi. Aligeuka kwa haraka mpaka akagonga kichwa kwenye paa la teksi."

"Aligonga kichwa," Mama akasema. Kicheko kidogo kikamtoka, na machozi yakaja juu yake palepale. Akajifuta kwa ncha ya khanga, jicho moja, kisha la pili, akaketi wima kwenye kigoda chake.

"Kumbe aliuliza," akasema. "Hebu anza tena. Toka uliposhuka ngazi, na usiruke kitu."